Kisanduku Kisichosikika

Helmi Ruona alikaa barazani asubuhi nzima akinisubiri, na mimi sikuwa na habari. Alikuwa amevaa koti zito, buti za theluji na kofia ya sufu iliyomfunika masikio. Mapajani alipakata mkate mtamu wa iliki alioukanda mwenyewe, ameufunga kwenye taulo la jikoni ili usipoe. Ulikuwa wa dada yake Taimi, aliyeko kwenye nyumba ya wazee kule Ironwood. Siku hiyo Taimi alikuwa anasherehekea kuzaliwa kwake.

Mimi naendesha gari la Shirika la Usafiri la Tamarack. Nawachukua wazee, wagonjwa, na yeyote asiyeweza kushika usukani mwenyewe. Zamani watu walipiga simu; sasa anayetaka safari anaiweka kwenye tovuti mpya ya shirika, na gari linakwenda kulingana na zilizowekwa. Siku ile sikuwa na safari ya Helmi. Nilipita barabara kuu na abiria wangu wengine, nikaiacha njia ya kwake upande wa kushoto, nikaendelea zangu.

Helmi haoni. Aliendesha basi la shule miaka mingi, na nusu ya watu wazima wa huku waliwahi kufokewa naye wakiwa wadogo, mpaka presha ya macho ilipomtoa kwenye usukani. Asubuhi ile kila injini ilipokaribia alisimama. Ikipita, alikaa. Jirani yake, aliyekuwa akisukuma theluji uani, alimwuliza kama ampeleke ndani, naye akajibu, "Niache. Doreen hajawahi kunisahau." Doreen ndiye mimi.

Alipokubali kuingia, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akapiga simu ofisini.

"Mbona gari halijaja?"

"Mama Ruona, hujaweka safari."

"Nimeiweka kwa mikono yangu hii. Nimebonyeza kila kitu mlichotaka nibonyeze."

"Hapa hakuna kitu, mama. Labda ulisahau hatua ya mwisho."

"Nimepoteza macho, sijapoteza akili. Nani aliyeitengeneza hiyo tovuti yenu? Nataka anipigie. Asiniandikie. Anipigie."

Aliyeitengeneza alikuwa Arvid Niemela.

Arvid ni mtu wa huku huku, wa Ishpeming, mjukuu wa mchimba chuma kama wengi wetu. Alikuwa anatengeneza tovuti kwa kampuni moja ya Milwaukee, na Tamarack waliichukua kampuni hiyo kwa sababu yake. Umri wake ulikuwa umepita hamsini kidogo. Mkewe, Colleen, alihamia Green Bay, jimbo la Wisconsin, na binti yao Greta zamani kidogo. Hakukuwa na ugomvi wa kusimulia. Colleen alichoka tu kuishi na mtu ambaye ukimwuliza kitu leo anakujibu kesho. Nyumba ilibaki na chumba cha Greta kilichojaa maboksi ya kompyuta, na nyuma ya nyumba sauna, kibanda cha kuogea mvuke, ambayo Arvid aliacha kuiwasha, kwa sababu kuni zote zile kwa mwili mmoja aliona ni ufujaji.

Alifanya kazi mezani, amekaa akitazamana na dirisha. Zamani kwenye kitengo chao walikuwa watu kadhaa, wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyeletwa mahali pao. Mikutano ilikuwa ya kwenye skrini, kila mtu amezima kamera, vijisanduku vyeusi vyenye herufi za majina. Akisema, alisema maneno machache, kisha akazima maikrofoni. Kila Ijumaa alikwenda kununua pai ya nyama na viazi, na aliniambia baadaye kwamba zipo wiki ambazo swali la yule mama wa dukani, "Mchuzi au ketchup?", lilikuwa ndilo swali pekee aliloulizwa kwa sauti na binadamu aliye mbele yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza vipande. Tovuti siku hizi haziandikwi zote upya kila mara. Mtu anatengeneza kitufe kizuri mara moja, kalenda nzuri mara moja, halafu kila tovuti ya kampuni inaviazima. Kipande alichokipenda Arvid kuliko vyote kilikuwa kile kisanduku kinachokurukia mbele ya ukurasa na kukuuliza kabla hujafanya jambo: una uhakika? Ndiyo au hapana. Cha kwake kilikuwa safi. Kilitokea polepole, ukurasa wa nyuma ukafifia, maandishi yakakaa katikati. Kilikuwa kwenye zahanati, kwenye maktaba, kwenye kivuko cha kwenda visiwani, na kwenye tovuti ya Tamarack.

Lalamiko la Helmi lilipomfikia kutoka Milwaukee lilikuwa limefupishwa na watu wengi mpaka likabaki mstari mmoja: mteja asiyeona anadai safari haikuhifadhiwa, anataka kupigiwa. Arvid aliuangalia mstari ule, akaenda kutengeneza kahawa, akarudi akauangalia tena. Mwishowe alipiga akiwa amesimama, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mama Ruona? Naitwa Arvid Niemela. Ni kuhusu tovuti ya..."

"Niemela wa Ishpeming? Wewe ni wa Eino?"

"Mjukuu wake."

"Basi nimekubeba. Ulikuwa unakaa kiti cha nyuma yangu tu, husemi neno mpaka tunafika shule."

Arvid akanyamaza.

"Ndiye wewe," Helmi akasema. "Mpaka leo husemi."

Akamwambia afungue tovuti kwake, na yeye angefungua kwake, wafanye pamoja. Akaiweka simu karibu na spika ya kompyuta. Asiyeona hutumia programu inayomsomea kila kilichopo kwenye skrini, naye hutembea humo kwa kibodi, kitufe hadi kitufe, bila kushika kipanya. Sauti ya programu ile ikaanza kuporomosha maneno, na Arvid hakuambulia hata moja.

"Samahani, mama, hiyo ni lugha gani?"

"Kiingereza."

"Hicho?"

"Kina haraka tu. Na mimi nina haraka, nina umri huu. Ngoja nikupunguzie."

Akaipunguza. Wakaenda pamoja: tarehe, saa, mahali pa kuchukuliwa, mahali pa kushushwa. Sauti ikasema, "Weka safari, kitufe." Helmi akabonyeza. Kwenye skrini ya Arvid, ambaye alikuwa akifuata hatua zile zile, kisanduku kikatokea katikati, kizuri kama siku zote: Thibitisha safari yako? Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Kwa Helmi hakikusikika kitu.

"Umeona?" Helmi akasema. "Nimemaliza." Akabonyeza kitufe cha Tab kusonga mbele, na sauti ikasoma, "Wasiliana nasi, kiungo. Faragha, kiungo." Vilikuwa vitu vya chini kabisa ya ukurasa, nyuma ya kisanduku, pale ambapo mtu anayeona hafiki mpaka akifunge kwanza.

"Mama, sasa hivi mbele yako kuna kisanduku."

"Kiko wapi?"

"Katikati ya skrini."

"Skrini kwangu ni kama ubao wa meza, mwanangu. Kinasemaje?"

"Kinauliza kama una uhakika."

"Kinamwuliza nani?"

Arvid akamwomba aendelee kubonyeza Tab, aendelee tu. Helmi akapita viungo vyote, na mwisho wa yote, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angefika, sauti ikasema, "Kisanduku." Halafu ikasema, "Ndiyo, kitufe."

"Ndiyo nini?" Helmi akauliza. "Ndiyo wanifute? Ndiyo waniuzie gari?"

"Ni mimi niliyekitengeneza," Arvid akasema.

"Nilijua lazima ni mtu fulani." Sauti yake ikashuka. "Sikiliza. Mkate nilimpa jirani, hilo halina neno. Ila jioni nilimpigia Taimi. Kichwa chake siku hizi kinakwenda na kurudi. Akaniuliza, 'Helmi yuko wapi?' Nikamwambia, 'Si ndiye mimi, Helmi.' Akasema, 'Hapana. Helmi angekuja.'"

Haya yote nimeyapata kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hapo ndipo Arvid alipokuwa anaishia kila akinisimulia. Hakuwahi kuniambia alimjibu nini. Helmi anasema alimwambia tu atapiga tena Jumanne.

Kasoro Arvid aliipata mchana ule ule. Miaka iliyopita, kisanduku kilipokuwa cha mtindo wa zamani, kilisema vizuri. Arvid mwenyewe alikuwa amekijaribu kwa programu ya kusoma. Baadaye alikiandika upya kiwe kipande cha kuazimwa, na vipande vya namna hiyo vina ukuta wake: vilivyomo ndani havigusani na vya nje, ili tovuti moja isivuruge mapambo ya nyingine. Alijivunia ukuta ule. Lakini kichwa cha habari, yale maneno "Thibitisha safari yako", kilikuwa kinaletwa na kila tovuti kutoka nje, na kisanduku kilichokuwa ndani kiliambiwa jina lako ni yale maneno pale. Kikayatafuta upande wake wa ukuta, kisiyaone, kikabaki bila jina. Vitufe navyo vilitoka nje. Kisanduku kilipofunguka kilitafuta kitufe cha kwanza ili kibodi isimame hapo, kikatafuta ndani tu, kikakosa, na kibodi ikabaki kule nyuma kwenye ukurasa. Kwa mwenye macho hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana Arvid hakukijaribu tena kwa sauti. Alikitazama, akakiona kinapendeza, akaendelea na mengine.

Akazunguka tovuti zote zilizokiazima. Kote kulikuwa kimya vile vile. Akakaa akiwafikiria watu asiowajua, wa zahanati na wa vivuko, waliobonyeza, wakasikia kimya, wakafunga kompyuta wakidhani wamemaliza.

Bosi wake huko Milwaukee anaitwa Tamsin Overholt. Si mtu mbaya. Walizungumza kwenye skrini, kamera zote zimezimwa.

"Weka kiraka kwa Tamarack," Tamsin akasema. "Wao ndio waliolalamika."

"Kisanduku ni kimoja kwa wote."

"Wengine wamelalamika?"

"Mtu asiyesikia kitu atalalamikia nini?"

Tamsin akacheka kidogo, kicheko cha uchovu. "Arvid, nakuelewa. Lakini mwaka huu huu tunanunua vipande vya tayari. Usijenge upya nyumba tunayohama."

Arvid akasema sawa, akazima maikrofoni, kisha akaanza kujenga.

Wiki zile alikuwa mtu mwingine. Alikitupa kile alichojivunia, akaanza na kisanduku kinachokuja na kivinjari chenyewe, ambacho kikifunguka hulaza ukurasa wote wa nyuma, kibodi isiweze kupotelea huko, na ukibonyeza Esc kinafunga. Jina akaliingiza ndani ya ukuta, liandikwe humo humo. Kisha akafunika skrini yake kwa shuka la kitanda, akavaa vipokea sauti vya masikioni, akajaribu kuweka safari ya kwenda Ironwood bila kuona. Mara ya kwanza alijikuta kwenye ukurasa wa ajira wa Tamarack, akiomba kazi yangu.

"Umeipata?" Helmi akamwuliza alipomsimulia.

"Sijui kuendesha kwenye theluji nzito."

"Na unajiita Niemela wa Ishpeming!"

Alimpigia Jumanne, akampigia na Alhamisi, halafu hawakuhesabu tena. Alikuwa anampelekea kisanduku kipya kwenye tovuti ya majaribio, Helmi anakipiga teke mpaka kinaachia. Kwanza alilalamika kwamba kikifunguka kumwuliza kama afute safari, kibodi inasimama kwenye Ndiyo.

"Mimi nina mkono mzito. Nikigusa tu Enter, safari imekwenda. Nianzishie kwenye Hapana."

Akambadilishia. Halafu Helmi akagundua lingine. Kisanduku kikifungwa, kibodi inatakiwa irudi pale pale ilipotoka, kwenye kitufe kilichokiita, ili mtu aendelee na safari yake. Ilirudi vizuri, ila pale Helmi alipofuta safari, mstari wa safari ile ulitoweka pamoja na kitufe chake, na kibodi, isipoona pa kurudi, ikamtupa juu kabisa ya ukurasa.

"Umenirudisha nyumbani kwa Adamu," Helmi akasema. "Nianze kutembea tena tangu mwanzo?"

"Unataka urudi wapi? Kitufe chenyewe hakipo tena."

"Karibu na pale kilipokuwa. Nisikie zilizobaki."

Kwa hiyo Arvid akaandika kwamba kitufe kikiwa kimetoweka, kibodi isimame kwenye kichwa cha safari zilizobaki. Ilimchukua siku nzima kwa jambo ambalo hakuna mtu angelitambua, na aliniambia hajawahi kufurahia siku ya kazi namna ile. Aliimba, alisema. Peke yake, akiwa na shuka juu ya skrini. Simu ilipolia alijibu kabla haijalia mara ya pili.

Walianza kuongea na mengine. Helmi alimwuliza habari za Greta. Arvid akasema anasoma, yuko vizuri, anamwandikia siku za sikukuu. Helmi akamwuliza kama huwa anampigia. Akasema hataki kumsumbua. Helmi akasema, "Hm," na Arvid akarudi kwenye mambo ya vitufe.

Kisanduku kipya kikaenda hewani kwenye tovuti zote siku moja, mchana, bila tangazo. Hiyo ndiyo faida ya kipande cha kuazimwa: kikiharibika kinaumiza wote, na kikipona wote wanapona, wala hakuna anayejua aliumwa. Tamsin aliandika, "Naona umefanya ulilotaka. Nzuri." Mkubwa mmoja akaweka alama ya kidole gumba.

Helmi akaweka safari ya Ironwood mwenyewe, na safari hii ikanifikia. Nilimkuta barazani na mkate mwingine. Alipanda, akafunga mkanda, akasema, "Doreen, kimeniambia: Thibitisha safari yako ya Ironwood, Jumatano, saa tatu asubuhi. Nikakiambia ndiyo, nathibitisha." Njia nzima alikuwa akinisahihisha gia. Taimi siku ile kichwa chake kilikuwa kimerudi. Nilipowachungulia dirishani walikuwa wameshikana mikono, na mkate ulikuwa umebaki nusu.

Helmi alimpigia Arvid jioni ile kumweleza. Arvid alisema nzuri sana, hongera, nashukuru sana kwa msaada. Baada ya hapo hakukuwa na kilichoharibika, na simu zikakoma.

Kwake Helmi hakikupungua kitu. Watu waliomfikiria kama mama mpweke gizani hawajui nyumba ile. Kwake kuna wacheza karata kila wiki, kuna wanakwaya, kuna madereva wenzake wa zamani wanaokuja kubishana juu ya barabara zipi zilikuwa mbaya zaidi. Karata zake zina vinundu vya kusomea kwa vidole, na anashinda kiasi kwamba wengine wanadai vinundu vile vinamsaidia kuiba. Aliyekosa kitu ni Arvid. Alikaa dirishani na kazi nyingine, akitengeneza vishale vya kalenda, na kila mchana ulipofika wakati wao wa kuongea alijikuta anaitazama simu. Hakuwa na sababu. Alitafuta kasoro kwenye kisanduku apate sababu, akakijaribu kwa kila programu, kwenye simu, kwenye kompyuta mbovu ya Greta iliyobaki kwenye maboksi. Hakikuwa na kasoro.

Mwishowe alipiga hivyo hivyo. Nyuma ya sauti ya Helmi kulikuwa na vicheko na viti vinaburutwa.

"Arvid! Kuna nini? Kimeharibika?"

"Hapana. Kinafanya kazi."

"Basi?"

"Nilitaka kujua tu kama... kama kinafanya kazi."

"Si umesema kinafanya kazi?" Mtu akamwita, zamu yake imefika. "Subiri, mnanidanganya, hiyo si saba! Arvid, mwanangu, niko kwenye karata. Njoo Jumapili kanisani kwetu. Baada ya ibada tuna kahawa chini ya ukumbi. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Usije kwa ajili ya Mungu kama humtaki. Njoo kwa ajili ya kahawa."

Jumapili ile nilikuwa nimewaleta wazee wanne na nilikuwa nimekaa garini nikiwasubiri. Nikaliona gari la buluu limeegeshwa mwisho kabisa, injini inaunguruma, vioo vimeingia ukungu. Ibada ikaisha, watu wakateremka ukumbini, gari halikuzimwa. Nilidhani mtu kaugua. Nikaenda kugonga kioo.

Mwanamume mrefu akakishusha. Alikuwa amevaa tai.

"Uko salama, kaka?"

"Niko salama. Nimepita tu."

"Umepita na tai?"

Akaishika tai kana kwamba mtu alikuwa amemvisha bila yeye kujua. Ndivyo nilivyomfahamu Arvid Niemela. Nilimwambia mimi ndiye Doreen wa Tamarack, na uso wake ukabadilika. Akaniambia yeye ndiye wa kisanduku. Nikamwambia azime gari, mafuta yanaisha bure, tukateremka pamoja.

Laiti ningeweza kusema kwamba mambo yalimnyookea pale. Helmi alimkumbatia, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akatangaza kwa ukumbi mzima kwamba huyu ndiye aliyemwokoa na tovuti. Watu wakapiga makofi, wakarudi kwenye vikombe vyao. Wakamkalisha. Mtu alimwuliza anafanya kazi gani, akaeleza, na kabla hajafika mbali yule mtu akasema mjukuu wake naye yuko kwenye kompyuta. Mwingine akamwomba amtazamie simu. Aliitazama, akaitengeneza. Alichovya mkate mkavu wa mdalasini kwenye kahawa mpaka ukakatikia ndani. Nilimwona akifuata mazungumzo kwa macho, mdomo umefunguka kidogo, akitafuta mahali pa kuingilia, na kila alipopapata palikuwa pameshafungwa na mtu mwingine. Alikuja tena Jumapili kadhaa. Alikaa kiti kile kile. Nilikuwa nakaa naye nikipata nafasi, na hapo ndipo aliponisimulia mengi ya haya, kwa vipande, akiangalia kikombe.

Kampuni ikanunua vipande vya tayari kama Tamsin alivyosema, na Arvid akaachishwa. Tamsin mwenyewe alimpigia, na kwa mara ya kwanza aliwasha kamera. Macho yake yalikuwa mekundu, Arvid alisema, na alionekana mdogo kuliko alivyomdhania. Tamarack walibaki na kisanduku cha Arvid kwa sababu kuhama kulikuwa na usumbufu. Arvid akapata kazi nyingine Green Bay, ya kwenda ofisini. Akauza nyumba. Nilimwuliza kama Greta anajua kwamba anahamia huko. Akasema amemwandikia.

Alikwenda kwa Helmi kumuaga siku ya Jumatano, theluji ikiwa imeanza kuwa maji. Hakupiga simu kwanza. Helmi hakuwepo. Alikuwa nami njiani kutoka Ironwood. Tulipofika, jirani akatuambia kuna mwanamume alikuja, akagonga, akasubiri barazani kitambo, akaondoka. Aliacha pai mbili ndani ya mfuko wa karatasi, zimeshapoa.

"Gari la buluu?" nikamwuliza.

"La buluu, limejaa mizigo."

Helmi alisimama na mfuko ule mkononi. "Mtoto huyu," akasema. "Angepiga simu, ningemwambia aje kesho." Akatoa simu yake, akampigia pale pale, kofia bado kichwani. Ikalia mpaka ikaingia kwenye mashine ya ujumbe. Akaanza kumgombeza, mtu gani anaondoka bila kuonana, akamwambia ampigie Greta, asimwandikie, ampigie, na kwamba Wisconsin hawajui kupika pai. Mashine ikamkata. Akapiga tena, akamalizia.

Jibu lilikuja baada ya siku chache, la maandishi. Nilikuwa jikoni kwake nikimsaidia kubeba mizigo ya dukani, na simu ikamsomea kwa ile sauti yake ya mbio, mimi sikuambulia kitu.

"Anasemaje?"

"Anasema amefika. Nyumba ni nzuri, haina viti bado." Helmi alikuwa akipapasa makopo mezani, akiyapanga. "Anasema Greta atakuja akipata nafasi."

Nikamkabidhi kopo la mwisho. Nilikuwa na mzee wa kumpeleka kusafishwa damu Marquette, nikaondoka.